Kadi Moja Katika Sanduku la Mama Wingi

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya yote, na kwa uzito wote unaostahili jambo hili, natangaza kwamba Jumatatu moja ya mwezi uliopita, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya wafanyakazi tisa na feni moja isiyozunguka, sanduku la bati la rangi ya kijani lilihamishwa kutoka meza ya dirishani hadi meza yangu, umbali wa hatua saba. Natangaza vilevile kwamba Alhamisi ya wiki hiyohiyo sanduku hilo lilirudishwa lilikotoka, hatua saba zilezile, na aliyelibeba hakutaka kusaidiwa.

Sasa nikusalimu, maana nakuona umeshapandisha miwani kwenye paji la uso na kuuliza huyu mtoto kalelewa na nani. Kalelewa na wewe, Dada, kwa hiyo lawama tugawane. U hali gani? Goti la kushoto linaendeleaje? Mwambie shemeji kwamba fundi ameitazama ile redio yake kwa huruma na kushauri izikwe. Wapwa wangu hawajambo? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu sana, anasema mbegu za maua ulizompa zimeota zote, isipokuwa hajui bado ni maua gani na anaogopa kung'oa magugu asije akang'oa zawadi. Watoto wanakua, viatu vyao vinagoma kukua nao. Mimi mwili ni mzima. Mengine ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu badala ya simu, na najua utaisoma barua hii mara mbili, kama unavyofunga mlango ukafika barabarani ukarudi kulijaribu kufuli.

Ujumbe wangu wa Jumatatu ile, kwamba nimekabidhiwa sanduku, nimesikia ulivyoupokea. Umemwambia shemeji, umewaambia majirani wa kulia na wa kushoto, na umempigia hata yule mwalimu wangu aliyesema sitafika popote. Nakuomba usimwambie mtu mwingine mpaka ufike mwisho wa barua. Ukishafika, utaamua mwenyewe uwaambie nini.

Kazi yangu unaijua kijuujuu. Ukiulizwa unasema mdogo wako anatengeneza vitabu vya Kiingereza, na watu wanadhani ni hadithi za mapenzi. Laiti. Sisi tunatoa vitabu vya vyuoni na vya maelekezo: namna ya kufungua pampu, namna ya kusafisha mashine ya eksirei, sehemu za ua, vipuri vya trekta kurasa mia nne. Ofisi ni vyumba vitatu juu ya duka la matairi, kwa hiyo nusu ya hewa yetu ni mpira na nusu ni wino. Wahandisi, madaktari na walimu hutuletea walichoandika, nasi tunasaka makosa kabla hayajafika mashineni. Mimi ni msomaji wa pili. Msomaji wa kwanza ni Mama Wingi.

Jina la kuzaliwa analo, lakini hata mume wake akipiga simu ofisini huomba kuzungumza na Mama Wingi. Jina hilo lilitokana na maradhi ya kazi yetu. Kiingereza cha wataalamu, ukikitoa kwenye umoja ukipeleke kwenye wingi, kinakugeuka. Sisi tuliozaliwa na ki- na vi- mdomoni tunabadilisha neno kichwani na mambo yamekwisha. Wao wanabadilisha mkia, na kila mkia una tabia zake. Neno limetoka kwa Wagiriki au Walatini, limeingia kwenye trekta, bado linashika desturi za kwao. ‘Criterion’ inakuwa ‘criteria’. ‘Matrix’ inakuwa ‘matrices’. ‘Axis’ inakuwa ‘axes’, ambayo mtu akiisoma haraka anaona mashoka. ‘Chassis’ haibadiliki hata ukiwa nazo gereji nzima. Na mafundi nao, wakiona kifupisho chochote, wanakibandika koma ya juu kabla ya ‘s’ kama vile wanakipiga msumari kisidondoke. Mama Wingi amezing'oa koma hizo kwa miaka thelathini na moja bila kuchoka. Hulieleza jambo lote kwa mfano wa nyumba ya walezi. Anasema neno geni ni kama mtoto aliyeletwa kulelewa: mmoja anaendelea na nguo alizokuja nazo, mwingine tukishamzoea tunamvalisha ‘s’ kama watoto wenzake, na kazi yetu ni kujua nani amefikia wapi, si kuwavua watu nguo kwa nguvu.

Hukumu zake zote zimo katika sanduku lile. Kadi elfu sita na ushei, kila neno na kadi yake: umoja wake, wingi wake, sentensi lilipopatikana, tarehe, na chini kabisa alama yake, herufi W ndogo iliyofungwa kwenye duara. Utaratibu ni huu. Ukikwama, unaandika neno lako kwenye kikaratasi pamoja na sentensi yake, unakitia kwenye kikombe kilichokatika mkono kilichopo mezani pake, kabla ya saa kumi. Kesho asubuhi unakuta kadi juu ya meza yako. Kwa mdomo hajibu. Unaweza kukaa naye kwenye chai, ukamuuliza kwa kujipendekeza tu, neno analolijua kuliko jina lako, naye akaendelea kukoroga sukari na kukuambia, “Kikombe.”

Na asipolijua, hulitafuta kwa miguu. Hapo ndipo nilipomvulia kofia, Dada, na sijaivaa tena. Mwaka ule tulipopata kitabu cha malori, alishuka na daftari lake hadi gereji ya jirani, akakaa juu ya tairi asubuhi nzima kusikiliza mafundi wanasemaje. Kompyuta zilipoingia, alizunguka maduka matatu kuuliza ile ya kushika mkononi, ‘mouse’, zikiwa nyingi wanaziitaje, akarudi na kuandika majibu mawili, ‘mice’ na ‘mouses’, na idadi ya waliosema kila moja. Siku moja mwalimu wa wadudu na fundi wa redio walikutana kwenye ngazi zetu, kila mmoja ameshika kitabu chake, wakabishana mpaka muuza matairi akapanda kuangalia kuna nini. Neno lilikuwa ‘antenna’. Mama Wingi aliwasikiliza wote wawili, akawapa kadi moja yenye mistari miwili: za mdudu ni ‘antennae’, za redio ni ‘antennas’. Kila mmoja akaondoka ameshinda. Yeye anasema wingi wa neno ni mali ya wanaolitumia kila siku, na mtu wa ofisini ni karani wao tu.

Akibadili hukumu, hafuti. Anaigeuza kadi, anaandika hukumu mpya nyuma pamoja na tarehe. Anasema alipokosea lazima paonekane. Na kosa likishapita likachapwa kitabuni, aliyelifanya huandika kadi kwa mkono wake mwenyewe, akasimama Jumatatu asubuhi na kuisoma mbele ya wote. Tunaiita kadi nyekundu, ingawa ni nyeupe kama nyingine. Mpaka mwaka huu unaanza, kwa miaka thelathini na moja, yeye alikuwa amesoma nne. Mimi nina miaka kumi na minne pale na nilikuwa nimesoma kumi na moja, nikiitwa tu jina langu siku ya Jumatatu nasimama kwa mazoea.

Nisimsahau Wino. Huyu ndiye fundi wetu wa mashine ya kuchapa, mtu mkubwa mwenye mikono myeusi na ulimi mweusi zaidi. Ukutani karibu na birika alichora orodha ya majina yetu, na kila mtu anapotia kikaratasi kikombeni, Wino humchorea mstari. Mimi ndiye niliyeongoza, kwa mbali. Alinibatiza Bwana Kikombe. Aliahidi kwamba nikifikisha mistari mia mbili atanitobolea kikombe kile na kunivisha shingoni. Wote tulicheka. Mimi pia nilicheka, Dada, ila si mpaka ndani.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Miezi mitatu iliyopita ilikuja barua kutoka chuo kimoja tulichokichapia kitabu cha maabara mwaka jana. Mkufunzi aliyeiandika alikuwa na adabu, mistari mitano tu. Aliuliza kama neno ‘apparati’, lililopo juu ya kurasa mia mbili na kumi na mbili za kitabu chake, ni Kiingereza cha nchi gani, maana yeye na wenzake wanajua ‘apparatus’ bila mabadiliko, au ‘apparatuses’ kwa mwenye haraka. Meneja alituita sote. Alifungua sanduku mbele yetu, na kila mtu alijua kitakachofuata: kadi itasema kweli, mtu fulani hakuifuata, na mtu fulani huyo ana sura kama yangu. Kadi ilisema ‘apparati’. Ilikuwa na ile p yake ya mkia mrefu, tarehe ya mwaka jana, na W ndani ya duara.

Mama Wingi aliichukua kadi akaenda nayo dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema ni mwandiko wake. Akasema hakumbuki kuiandika. Mimi nilikuwa nimesimama dirisha la pili, nikihesabu matairi yaliyopangwa chini. Yalikuwa kumi na tisa.

Jumatatu iliyofuata alisoma kadi nyekundu ya tano maishani mwake. Alisoma kama anayesoma hali ya hewa. Wino, ambaye kwa kawaida hupiga mluzi mtu akimaliza, alitazama viatu vyake.

Baada ya hapo alianza kubadilika, kidogo kidogo, kwa namna ambayo mtu asiyemjua asingeona. Alinunua daftari dogo akawa anaandika kila alichofanya na saa alipokifanya. Alimuuliza Wino kama wameshasalimiana. Mume wake alipiga simu siku moja kuuliza kama amefika salama, na alipoambiwa amefika akasema asante, ni yeye mwenyewe aliyemwomba apige. Kadi ambazo zamani aliziandika kwa pumzi moja, sasa aliziandika, akazisoma, akazigeuza, akazisoma tena. Ukimtazama uliona mtu anayetembea ndani ya nyumba yake mwenyewe akipapasa ukuta.

Ndipo alipomwandikia meneja kwamba ataacha kazi mwisho wa mwaka, na kwamba sanduku litoke mikononi mwake mara moja. Alieleza kwamba mtu wa sanduku lile lazima auamini mkono wake, na yeye hauamini tena. Meneja alimuuliza limwendee nani. Alinitaja mimi. Meneja, ambaye ni kijana mwenye akili na amesoma kadi zangu zote kumi na moja, aliuliza kwa nini. Mama Wingi alimjibu kwamba katika ofisi nzima huyu ndiye asiyeona haya kuuliza.

Dada, maneno hayo meneja alinifikishia kama sifa. Niliyapokea, nikasema asante.

Jumatatu ile, basi, alilipangusa sanduku vumbi, akalibeba hatua saba, watu wakapiga makofi, nami nikaenda chooni nikakutumia ule ujumbe. Jumanne niliandika kadi tatu. Usicheke nikikuambia nilijiona mrefu. Jumatano saa tisa na nusu nilichungulia kikombe, ambacho nacho kilikuwa kimehamia kwangu, nikakuta kikaratasi kimoja. Mwandiko wa Mama Wingi. Aliuliza wingi wa ‘appendix’. Chini aliandika, “Tafadhali, ukipata nafasi.”

Nilifungua sanduku. Kadi ya ‘appendix’ ni miongoni mwa zile za mwaka wake wa kwanza, imekuwa laini kama kitambaa, pembe zimeviringika kwa kushikwa. Mbele: vitabuni, ‘appendices’. Nyuma, miaka tisa baadaye: za tumboni, madaktari wengi husema ‘appendixes’. Neno hili anaweza kulijibu akiwa usingizini. Amelijibu labda mara mia tatu. Nikageuka nikamtazama. Alikuwa amekaa mezani pake, mikono imelala juu ya mbao tupu pale sanduku lilipokuwa, akisubiri kesho kama sisi wote tulivyokuwa tukisubiri.

Ile kadi ya ‘apparati’ niliiandika mimi.

Nikueleze ilivyokuwa, bila kuipaka rangi. Mwaka jana Mama Wingi alikwenda siku mbili kwenye mahafali ya mjukuu wake. Kitabu cha maabara kilikuwa mashineni, kimebaki kichwa cha kurasa tu, yale maneno yanayojirudia juu ya kila ukurasa, na Wino hachapi kichwa cha kurasa bila kuona kadi. Nilikuwa na mistari mia moja na tisini na tisa ukutani. Ningeweza kutia kikaratasi na kusubiri siku mbili. Ningeweza kumpigia simu Mama Wingi. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa Bwana Kikombe, na nikajiambia jambo lenyewe dogo: ‘radius’ ni ‘radii’, ‘stimulus’ ni ‘stimuli’, basi na huyu ni wa ukoo huohuo. Nikachukua kadi tupu, nikaandika kwa mwandiko wake. Mkia wa p, duara, W, na tarehe ya siku moja kabla hajaondoka. Ilinichukua dakika tatu. Aibu yenyewe, Dada, ni kwamba nilifurahia. Niliupuliza wino ukauke, nikaiinua kadi kwenye mwanga, nikajipongeza. Wino aliiona, akasema kumbe Mama aliacha kazi imekamilika, akawasha mashine.

Nilikusudia kumwambia akirudi. Alirudi na picha za mjukuu amevaa joho, nikazitazama zote, nikamsifia hadi mpiga picha. Nikasema kesho. Hiyo kesho ikawa mwaka. Na siku ile meneja alipofungua sanduku, kulikuwa na kimya kirefu cha kumtosha mtu kusema sentensi moja. Nilikitumia kuhesabu matairi.

Alhamisi nilifika mapema, nikamkuta keshafika. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, hata koti sikuvua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikae, akanisogezea kadi tupu na kalamu, akaniagiza niandike neno lile tena mbele yake. Niliandika. Alizichukua kadi mbili akaziweka sambamba, akazisogeza, akazibadilisha nafasi, na nakuapia kwa muda mfupi hata mimi sikujua ipi ilikuwa ipi. Kisha akasema, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, “Kwa hiyo sikusahau.”

Akafunika macho kwa kiganja. Hakukaa hivyo sana. Alipoyafunua, aliniuliza ziko ngapi. Nikamwambia ni hiyo moja tu. Aliitazama lile bati la kijani, kadi elfu sita, akaniuliza atajuaje.

Kosa langu nililidhani ni kadi moja.

Baadaye aliniuliza nilijifunzia wapi kuiga mwandiko wa mtu namna ile. Nikamwambia nilijifunzia kwa dada yangu. Akauliza kama dada yangu anajua. Nikasema hajui. Alisimama, akaliinua sanduku kutoka mezani kwangu, na niliponyoosha mikono nimpokee alipita pembeni yangu.

Jumatatu nilisoma kadi yangu ya kumi na mbili. Nilisoma yote, na kikombe, na dakika tatu, na matairi. Meneja amenipa barua ya onyo na nimebaki msomaji wa pili, jambo ambalo ni huruma yake. Wino hakunisemesha siku nne. Siku ya tano nilimkuta karibu na birika akifuta ile orodha yake ukutani kwa kitambaa chenye maji. Alisema bila kugeuka kwamba kumbe nina mwandiko mzuri sana, tatizo si wangu.

Tangu Alhamisi ile, kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama Wingi ananiita. Tunakaa pande mbili za meza ya dirishani. Anachomoa kadi, anaisoma, anautazama mwandiko, anasema “yangu,” anaiwekea alama ya penseli, anachomoa nyingine. Kazi yangu ni kukaa pale. Anazipitia zote, moja moja, kwa sababu yangu. Na nikuambie ukweli, Dada, sijawahi kujifunza kiasi hiki. Anazikumbuka. Anakumbuka nani aliuliza, mvua ilikuwa inanyesha au la, mhandisi alivaa shati gani, alikwenda kumuuliza nani. Kila neno lina mtu nyuma yake. Miaka kumi na minne nilikaa hatua saba kutoka kwa mwanamke huyu nikidhani anatunza kadi.

Tumefika mwanzo wa C. Ijumaa iliyopita alichomoa ‘calyx’, kile kikombe cha kijani kinachoshika ua, wingi wake ‘calyces’. Alianza kusema “yangu,” akanyamaza. Akaisoma tena, mbele na nyuma. Akanisogezea kadi, akaniuliza kama hii ni yangu. Akaongeza kwamba haikumbuki kabisa.

Niliitazama. Ilikuwa ya miaka ishirini iliyopita, kabla sijaajiriwa, karatasi imeshageuka rangi. Yeye alinikazia macho. Nilijua ninaloweza kufanya. Ningesema ndiyo, niliibandika tarehe ya zamani, nisamehe, na angerudi nyumbani na kichwa kizima. Kadi yangu ya kumi na tatu ningeisoma kwa furaha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikamwambia si yangu, Mama.

Akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaichukua, akaisoma ile sentensi ya mfano polepole, midomo ikitembea. Halafu akasema basi ameisahau, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye duka analolijua. Akaiwekea alama ya penseli. Akasema ukiwa na elfu sita unaruhusiwa kupoteza moja, mradi umeipoteza mwenyewe. Akaniambia kwamba ile barua ya kuacha kazi ameichukua kwa meneja. Ataondoka tukifika Z, siku atakayopanga yeye, na sanduku ataamua liende wapi. Akachomoa ‘cambium’. Yangu, akasema.

Tulipomaliza siku hiyo, akifunga kifuniko, aliniuliza kama nimeshamwandikia dada yangu.

Kwa hiyo nakuandikia. Utakumbuka mwaka ule wa mbio za shule, mimi nina miaka kumi na wewe kumi na mitano. Barua zote za nyumbani kwenda shuleni wewe ndiye uliyeziandika, kwa kuwa Mama macho yalikuwa yanamsumbua. Mwalimu akapokea barua kwamba mimi naumwa tumbo, nisikimbie. Mama alipokutana na mwalimu sokoni, barua ikarudi nyumbani, na mwandiko ulikuwa wako. Ulikana. Ulikana siku nzima. Wakakukataza kwenda na kwaya, na ile nguo ya bluu ulikuwa umeishona mwenyewe. Jioni, umekaa kitandani nguo ikiwa mapajani, uliniambia mimi, mimi Dada, kwamba labda kweli uliiandika ukasahau. Nilikuwa nakula embe. Niliendelea kula.

Tangu mwaka ule ndipo ulipoanza kurudi kulijaribu kufuli. Labda ni bahati tu, watu wengi hurudi. Mimi ndiye ninayekutania kuliko wote kwa tabia hiyo, na wapwa wangu nimewafundisha kukutania. Niliogopa kuwa wa mwisho katika mbio, basi. Hakuna zaidi ya hilo.

Hukuiandika, Dada. Wala hukusahau. Niliiandika mimi.

Majirani waambie upendavyo, na yule mwalimu mwambie alikuwa karibu na ukweli. Nisalimie shemeji na wapwa. Wifi yako anaongeza salamu zake, na anaomba uje uyatazame maua yake umwambie yapi ni yapi. Ukija nitakuja kukupokea kituoni, na kama hutaki kuniona kwa sasa, nitaelewa, nitamtuma yeye. Goti ulipumzishe.

Ni mimi mdogo wako, kwa mwandiko wangu mwenyewe,

Bwana Kikombe